Kuwasomesha Watoto Wetu Khabari za Vijana Walioisimamia Haki Hapa Nairobi

Baadhi ya ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wametuletea barua kutuuliza khabari waliyoisikia, ya kuwa katika darsa letu la Kangemi watoto wasomeshwa vitabu vya Kalasinga na Mgoa na Mkikuyu. Jawabu letu ni kuwa vitabu vya dini vyasomwa asubuhi kama desturi, wala hakikupunguzwa hata kimoja. Ama hivyo vyengine, ni kweli vyasomwa, muda wa saa moja baada ya sala ya Adhuhuri kila Jumamosi, na sisi ndio tulioviingiza. Tumeona basi tulieleze jambo lenyewe hapa, ili mwenye kuliridhia ajue analiridhia kwa nini, na mwenye kulikataa awe akataa alijualo.

Watoto tulionao ni wa wazazi waliotoka pwani kuja kutafuta riziki, na wengi wao wamezaliwa huku huku, Kangemi na Kawangware na Westlands. Ukimwuliza mmoja wao ni nani aliyeitafutia nchi hii haki zake, atakutajia majina mawili matatu ya wakubwa waliopewa barabara pana na viwanja vya ndege, kisha atanyamaza. Adhani haki ilitafutwa na wazee wenye fimbo na kofia, waliokuwa wakubwa tangu siku waliyozaliwa. Hadhani kuwa karani wa simu wa miaka 26, au mwanamke asiye na cheo chochote, au kijana wa kiwanda cha chapa, aweza kuwa na sehemu yake katika jambo hilo. Na mtoto huyu huyu, alipofika miaka 18 akaenda kutaka kitambulisho, kwa miaka mingi alikuwa akitakiwa makaratasi ya baba na ya babu, ambayo mwenzake mwenye jina la namna nyengine hakutakiwa. Alirudi nyumbani hana alijualo la kufanya ila kununa.

Namna ya kusomesha hatukuibuni sisi. Ni ile ile tuliyosomeshwa na masheikh wetu huko pwani: kitabu hufunguliwa, ibara ikasomwa, ikafasiriwa kwa Kiswahili neno baada ya neno, kisha wenye kuuliza wakauliza. Tafauti ni kuwa Safina na vitabu vya nahau ni vya Kiarabu, na hivi ni vya Kiingereza, na katika Kiingereza wanafunzi wetu ni hodari kuliko sisi. Kwa hivyo wao ndio wafasirio na sisi ndio tuulizao. Jambo lililotutia haya siku za mwanzo, kisha tukalizoea. Sharti tuliloliweka ni kuwa ibara isifasiriwe kwa Kiswahili cha mchanganyiko. Neno la Kiingereza lisiloonekana mwenzake hutafutwa mpaka apatikane, na siku moja nusu saa nzima ilikwisha kwa neno moja tu.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha maisha ya Harry Thuku, aliyoyasimulia mwenyewe na kuyaandika kwa msaada wa Kenneth King, kikapigwa chapa mwaka 1970, ndio mwaka aliokufa. Jina lake mtu wa Nairobi alijua kwa ile njia ipitayo baina ya hoteli ya Norfolk na Chuo Kikuu. Alizaliwa Kambui mwaka 1895. Alifanya kazi ya kupanga herufi katika gazeti la walowezi, kisha akawa karani wa simu katika Hazina ya serikali. Zama hizo kila mwanamume Mwafrika aliyetimia miaka 16 alilazimishwa kuwa na kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole vyake, aliyoichukua ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Kodi ilikuwa imepandishwa hata ikafika shilingi 16, na mwaka 1921 walowezi wakapatana kuipunguza mishahara kwa thuluthi. Wanawake na wasichana walikuwa wakichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi mashambani.

Thuku na wenzake, vijana wa maofisini na majumbani mwa Wazungu, wakaunda chama mwaka huo huo wa 1921. Kwanza kilikuwa na jina la Wakikuyu. Haukupita muda wakaona kabila moja halitoshi, wakakiita Chama cha Afrika Mashariki, apate kuingia na asiyekuwa Mkikuyu. Twapenda wazazi walizingatie hili: silaha waliyoishika vijana hawa ilikuwa kalamu. Walikutana hadharani, wakayaandika madai yao, wakayapeleka London kwa simu ya maandishi. Karatasi waliyoieneza kwa watu ilikuwa ya Kiswahili, na jina lake ni Tangazo. Aliyewasaidia kwa ofisi na mashine ya chapa alikuwa Mhindi, Manilal Desai, mwenye gazeti la East African Chronicle. Mtoto wa pwani asikiapo kuwa lugha ya bibi yake ndiyo iliyotumiwa kudai haki Nairobi zaidi ya miaka 100 iliyopita, humwona akikaa vyengine kitini.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Wafanya kazi wakaacha kazi, na tarehe 16 watu wapatao 7,000 au 8,000 walikuwa wamekusanyika mbele ya kituo cha polisi alimofungwa. Wajumbe wakaenda kuonana na wakubwa wa serikali, wakarudi, wakawaambia watu watawanyike. Wako walioanza kuondoka. Hapo ndipo aliposimama Mary Muthoni Nyanjiru, na hapo ndipo sisi tulipokosea mara ya kwanza.

Khabari ya Nyanjiru imo katika kitabu cha Rosberg na Nottingham kilichotoka mwaka 1966, kwa mapokezi ya Job Muchuchu, aliyekuwapo siku ile. Tulipokuwa tukitayarisha karatasi za darsa tuliuacha ukurasa huo, hatukuupiga nakala. Sababu ni kuwa Nyanjiru aliinua nguo yake hata mabegani mbele ya wanaume, akawaambia waichukue na wao wampe suruali zao, kwani ni waoga. Tukasema nafsini mwetu, hili si la kusomwa mbele ya wavulana na wasichana waliokaa katika darsa la dini. Binti mmoja wa miaka 15 akanyosha mkono: “Maalim, hapa umerukwa ukurasa. Maneno hayaungani.” Tukamwambia ukurasa umepotea. Tulisema uwongo, na tulijua ni uwongo wakati tunausema.

Binti yule akaenda akakitafuta kitabu maktaba. Jumamosi ya pili alikuja mapema kuliko wenzake, akatuambia kwa adabu, hali tuko naye na mamake tu: “Maalim, nimeuona ule ukurasa. Sasa nafahamu kwa nini watu hawakuondoka.”

Tukaurejea mlango ule wote mbele ya darsa, na kwanza tukawaambia wanafunzi kuwa ukurasa haukupotea, bali tuliuficha. Kisha tukawaeleza kuwa kwa Wakikuyu mwanamke mtu mzima hafanyi tendo lile kwa mchezo wala kwa kukosa haya. Ni laana nzito, aitoayo mwanamke kwa watu walioiacha wajibu yao, baada ya maneno yote kwisha. Ada hii si yetu wala hatuiingizi kwetu. Lakini mwenye kuisoma khabari ya watu na apime matendo yao kwa maana waliyoyapa wao wenyewe, la sivyo atakuwa kama mgeni aliyeona watu wakisujudu akasema wametafuta kitu kilichoanguka. Wanawake waliokuwapo wakapiga vigelegele, watu wakasogea mbele, askari wakafyatua bunduki. Nyanjiru alikuwa katika wa kwanza kuanguka. Na zimepokewa khabari kuwa Wazungu waliokuwa wamekaa barazani mwa Norfolk nao walipiga risasi zao kutoka kule ng'ambo.

Wangapi walikufa? Serikali ilisema 21, na wanne katika hao ni wanawake. Hesabu nyengine yasema 56, na wako wasemao zaidi ya 100. Wanafunzi walitaka tuwape moja iliyo sahihi wapate kuiandika. Hapa elimu yetu ya zamani ikatufaa kuliko tulivyotazamia. Tukawauliza kama tulivyoulizwa sisi tulipokuwa tukisoma mapokezi ya hadithi: aliyesema amesikia kwa nani? Alikuwa amesimama wapi? Ana faida gani hesabu ikizidi, na ana faida gani ikipungua? Muchuchu alikuwa katika umati. Thuku alikuwa kifungoni, basi yaliyokuwa nje ya ukuta neno lake ni la msikiaji. Serikali ilikuwa ikihesabu maiti wa risasi zake yenyewe. Mwanafunzi mmoja akaandika daftarini mwake: “21, kwa kauli ya aliyeua.” Tukaliacha kama alivyoliandika.

Thuku hakupelekwa kortini. Alihamishwa akapelekwa Kismayu, na uhamishoni akakaa karibu miaka tisa. Aliporudi hakuwa yule wa kwanza. Alitengana na wenzake, akaunda chama chengine cha kuridhiana na serikali, akawa mkulima tajiri wa kahawa, na siku za Mau Mau alisimama upande wa kuwapinga. Yuko mvulana aliyekasirika akataka kulifuta jina lake daftarini. Tulimkataza. Aliyoyafanya Thuku mwaka 1921 aliyafanya, na aliyoyafanya mwaka 1952 aliyafanya. Mwalimu anayesomesha nusu moja tu awalea watoto kwa hadithi za abunuwasi. Kwa kweli saa ile ya majadiliano ilikuwa bora kuliko zote, maana walianza kuulizana wenyewe kwa wenyewe ni kitu gani kimgeuzacho mtu, ni kifungo, au umri, au shamba.

Sasa twaja kwenye jambo zito. Baada ya Juni 2024, vijana walipojaa njia za mji huu kuupinga Mswada wa Fedha, hata tarehe 25 wakaingia Bungeni na wengine wakauawa kwa risasi, mzazi mmoja, mtu wa Lamu, fundi seremala, alikuja kwetu baada ya sala ya Alasiri. Hakukaa. Alisema, “Sheikh wangu, mimi sikukuletea mwanangu umfundishe njia ya kwenda mochari.” Tukamwambia, “Kaa, ndugu yangu.” Akasema, “Sikai. Nijibu nikiwa nimesimama.”

Hatukumjibu kuwa khofu yake ni ya bure. Baba asiyeogopa kwa siku kama zile ana walakini. Tulimwuliza mwanawe alikuwa wapi tarehe 25. Akasema alikuwa mjini, na kuwa alizijua khabari hizo usiku, viatu vikiwa vimepotea. Mvulana yule siku hiyo alikuwa hajasoma kwetu hata ukurasa mmoja wa vitabu hivi. Aliingizwa darsani Agosti. Basi hakupelekwa mjini na Harry Thuku. Alipelekwa na simu yake ya mkononi na rafiki zake, na na dhulma aliyoiona kwa macho yake, na hakuwa na mtu mzima hata mmoja aliyewahi kukaa naye akamweleza kuwa kabla ya umati kuna mkutano, na kabla ya mkutano kuna barua, na kuwa wajumbe warudipo na neno la kutawanyika pana uamuzi mgumu ambao watu wazima wenye akili wamekhitalifiana juu yake tangu mwaka 1922. Sisi tukinyamaza, kijana hasemi, basi nami nitanyamaza. Husomeshwa na mwengine.

Fundi yule hatukumridhisha kabisa, na hatutaki kudai hivyo. Lakini hakumtoa mwanawe. Huja mwenyewe Jumamosi, akakaa nyuma karibu na mlango, na siku ya khabari ya Nyanjiru aliuliza masuala matatu.

Ama wanaosema kuwa Muislamu hana haja ya kujua dhulma iliyoondolewa na asiyekuwa Muislamu, hao twawakumbusha Hilf al-Fudhul. Mtu wa Zabid, mgeni katika Makka, aliuza bidhaa zake kwa mkubwa wa Kikureshi, naye akamnyima thamani yake. Wakakutana watu nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakaapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa, mwenyeji na mgeni, mpaka arejeshewe haki yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwapo naye ni kijana, kabla ya kuletewa wahyi, na baada ya Uislamu alikisifu kiapo kile na kusema kuwa lau angeitwa kwa mfano wake angeitika. Waliokiapa walikuwa washirikina. Hatuna la kuongeza juu ya hoja hiyo.

Mwaka huu tumetoka kutembea. Tulianza Westlands asubuhi, wanafunzi 19 na wazazi wanne. Westlands ndipo alipouawa Pio Gama Pinto, tarehe 24 Februari 1965, akiwa ndani ya gari katika njia ya kuingilia nyumbani kwake, na bintiye mdogo yumo garini. Watoto wa Kangemi hupapita kila siku kwa matatu wakienda shule, na hapana katika wao aliyekuwa akilijua jina hilo. Pinto alizaliwa Nairobi mwaka 1927, mtoto wa Kigoa, akapelekwa India kusoma. Alipokuwa kijana aliingia katika harakati za kuitoa Goa mikononi mwa Wareno. Alirudi Kenya mwaka 1949, akajifunza Kiswahili, akaandika magazetini, na akawa msaidizi wa wafungwa na mawakili wao. Mwaka 1954, miezi michache tu baada ya kuoa, alikamatwa akapelekwa Manda.

Tuliposema Manda, watoto wenye asili ya Lamu wakatazamana. Ndiyo, Manda hiyo hiyo, ng'ambo ya maji, wanakokwenda na jahazi siku za likizo kutazama magofu ya Takwa. Huko serikali iliweka kambi ya wafungwa, na Pinto alikaa humo mpaka mwaka 1957, kisha akahamishiwa Kabarnet hata mwaka 1959. Wazee wangapi wa Lamu waliiona kambi ile kwa macho yao, wala hawakuulizwa na wajukuu wao? Kitabu tulichokitumia ni alichokikusanya Shiraz Durrani, kilichotoka mwaka 2018. Ni kikubwa, tukachagua humo barua na kumbukumbu za mkewe, Emma, maana mtoto huufahamu msiba kwa kauli ya mwenye nyumba upesi kuliko kwa hotuba ya wanasiasa.

Kutoka Westlands tukateremka mpaka Museum Hill, tukashika njia ya Harry Thuku, tukasimama mahali penye kituo cha polisi upande mmoja na Chuo Kikuu upande wa pili. Tulisoma kurasa mbili kwa sauti ya chini. Askari mmoja akaja kutuuliza tunafanya nini, tukamwambia ni darsa la tarikhi, akasikiliza kidogo, akauliza, “Ilikuwa hapa?” Tukamwambia ilikuwa hapa. Akaenda zake.

Chakula cha mchana tulikila katika bustani ya Jeevanjee, na hapo tukasoma khabari za Makhan Singh, aliyeletwa Nairobi kutoka Punjab mwaka 1927 naye ni mtoto wa miaka 13, akakulia katika kiwanda cha chapa cha babake. Mwaka 1935, akiwa na miaka 21, alishika ukatibu wa chama cha wafanya kazi, na mwaka 1937 chama kile kikaongoza mgomo wa siku 62 hata mishahara ikaongezwa. Baadaye alifungwa bila ya hukumu ya kosa lolote tangu Mei 1950 mpaka Oktoba 1961. Aliyeyaandika maisha yake, Zarina Patel, ni mjukuu wa Jeevanjee mwenyewe aliyeitoa bustani ile kwa watu wa mji, na ndiye aliyeongoza watu mwaka 1991 kuizuia isijengwe. Tuliwaambia watoto wanaokula chapati chini ya miti kuwa kivuli wakaliacho kina mwenye kukipigania.

Tukamalizia kwa sala ya Alasiri msikiti wa Jamia. Nani katika nyinyi aliyesali Jamia asilijue jengo la jirani yake, lenye nguzo nyeupe na simba wawili wa mawe? Ni maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Msikiti ulipokamilika mwaka 1933, waliosali humo walitoka wakapita mbele ya vitabu wasivyoruhusiwa kuvigusa, kwani maktaba ilikuwa ya Wazungu peke yao hata mwaka 1958. Leo mlango u wazi. Siku ile 11 katika wanafunzi wetu waliingia humo kwa mara ya kwanza, ingawa wamesali hapo jirani tangu wakiwa wadogo.

Limebaki kosa letu la pili. Katika masomo ya mwanzo mvulana mmoja alituuliza: “Maalim, katika hao wa mwaka 1921, alikuwamo yeyote wa kwetu?” Tukamjibu pale pale, bila ya kutazama, kuwa hawakuwamo Waislamu, ilikuwa kazi ya vijana wa misheni. Miezi miwili baadaye, katika kusoma khabari za chama kile, wanafunzi wakafika penye jina la Abdullah Tairara, Muislamu, aliyekuwa pamoja na Thuku tangu mwanzo. Mvulana yule hakusema neno. Alitutazama tu, kitabu kikiwa wazi. Tukasimama tukakiri mbele ya darsa zima kuwa tulijibu kwa dhana, na dhana si elimu.

Vitabu vyamtaja Tairara kwa mstari mmoja au miwili, kisha vyapita. Basi ikiwa yuko mzee kwenu, hapa Nairobi au huko pwani, aliyemsikia babake au mamake akimtaja Abdullah Tairara, au akizitaja siku za Machi 1922, au kambi ya Manda, twaomba aje Kangemi Jumamosi yoyote baada ya Adhuhuri, au amtume mjukuu wake. Wanafunzi watayaandika asemayo kwa Kiswahili kama alivyoyasema, na mbele ya khabari wataandika jina la msemaji, jina la aliyemsikia kwake, na mahali alipokuwa amesimama.